Kinachobaki Sakafuni kwa Kinyozi

Kwa kinyozi mmoja pale Mhunze, wilayani Kishapu, mzee aliyenitangulia kwenye kiti alimaliza kunyolewa, akajifuta shingo kwa leso yake, kisha akainama sakafuni. Alizikusanya nywele zake kwa kiganja, nyeupe zote, akazitenga na nyeusi za vijana waliopita asubuhi, akaziviringa kwenye kipande cha gazeti na kuzitia mfuko wa ndani wa koti. Kijana mwenye mashine alisubiri, ufagio mkononi, bila haraka yoyote. "Ukimaliza niambie, babu, nifagie." "Fagia, mjukuu wangu, za kwangu nimeshatoa." Hakuna aliyecheka wala aliyeuliza. Nje jua la Kishapu lilikuwa limeshapanda, upepo ukizoa vumbi kutoka barabarani na kulileta mpaka mlangoni. Nilikaa kwenye kiti kile nikijiuliza mzee anajua nini kuhusu nywele ambacho sisi wengine, tunaozikanyaga tukitoka, tumekiacha njiani.

Aliyekulia Usukumani hahitaji kufundishwa kwamba nywele si takataka. Mtoto huambiwa azichome au azifukie, zisije zikaokotwa na mwenye nia mbaya. Unywele, ukucha na mchanga wa unyayo hutajwa pamoja kila panapozungumzwa uchawi, kwa kuwa vyote vitatu vimebeba kitu cha mtu na vyote vinaweza kuchukuliwa mwenyewe akiwa amelala. Msibani watu hunyoa. Kichanga hunyolewa nywele alizotoka nazo tumboni. Yapo mengi yanayotutoka mwilini, jasho, machozi, ngozi iliyopukutika, na hatuyaiti yetu tena yakishatoka. Nywele tunaziona zikianguka na bado tunasema "zangu". Kadiri ninavyosoma kuhusu kazi ya kutoa protini kwenye nywele na kuzichambua, ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba katika jambo la msingi mzee yule hakukosea. Unywele uliokatwa haujaacha kuwa wa mtu. Nguvu za giza hazimo ndani yake, lakini habari za mwenyewe zimo, na zimo kwa wingi unaotisha kidogo.

Sehemu tunayoichana na kuisuka imekufa. Uhai uko chini ya ngozi, kwenye mzizi, ambako seli huzaliwa, hujaa protini iitwayo keratini, hukauka na kusukumwa juu kwa kiasi cha sentimita moja kila mwezi. Zikielekea kufa, seli hizo huvunjavunja karibu kila kitu chao, hata vinasaba vya kwenye kiini, na kuacha keratini pamoja na ukoo wa protini ndogondogo zinazoishikilia. Binadamu ana aina 17 za keratini za nywele, na hizo ndogondogo zinapita 80. Keratini huenda mbilimbili, moja ya upande wa asidi na nyingine ya upande wa besi. Jozi hujisokota, misokoto ikasokotwa tena na mingine, kama kamba ya katani mikononi mwa mtu anayejua kazi yake, mpaka upatikane uzi mwembamba unaovutika bila kukatika. Katika miaka ya 1930, kule Leeds, William Astbury alipitisha mionzi ya eksirei kwenye sufu na nywele, akaona kwamba ukiuvuta unywele ulioloana, mpangilio wa ndani hubadilika. Mwaka 1951 Linus Pauling na wenzake wakaeleza umbo la msokoto wenyewe. Hunigusa kila nikikumbuka kwamba mlango mmojawapo wa kuielewa protini, yaani kuuelewa mwili wote, ulifunguliwa kwa vitu vinavyofagiliwa.

Kinachoufanya msokoto ukaze ni salfa. Katika keratini ya nywele imo kwa wingi asidi amino iitwayo sisteini, na kila sisteini ina chembe ya salfa inayotafuta mwenzake. Zikikutana hufungana fundo. Mafundo hayo ndiyo ugumu wa nywele, na wanawake wa mjini na vijijini wanayajua vizuri kuliko wanavyodhaniwa. Anayeweka dawa saluni anayashambulia yaleyale: nywele hulainika, hunyooka, na dawa ikizidi dakika zake hukatika zenyewe mkononi. Maabara huanzia hapohapo. Nywele huoshwa, hukatwakatwa, hulowekwa kwenye yurea nzito, yurea ileile tunayoifahamu kwa mifuko ya mbolea, pamoja na kemikali ya kufungua mafundo ya salfa, huku joto likiwekwa kwenye nyuzi 50 hivi, kwa saa nyingi, wakati mwingine siku nzima na zaidi. Chumba hunuka yai viza. Taratibu protini huachia na kuingia majini. Kisha huja tripsini, kimeng'enya cha jamii ya kile kinachosaga nyama na maharage tumboni mwetu, kinachokata protini mahali maalumu tu. Na vipande vinavyopatikana hupelekwa kwenye mashine inayopima uzito wa molekuli mojamoja. Kutokana na uzito huo mtaalamu husoma mfuatano wa asidi amino, kipande kwa kipande, mpaka unywele uwe umesema ulichonacho.

Unasema nini? Kwanza unamtaja mwenyewe. Tulizoea kusikia kwamba unywele bila mzizi hauna cha kutambulisha mtu, maana vinasaba vya kiini vimekwisha kuvunjwa. Lakini protini zilijengwa kwa maelekezo ya vinasaba hivyo, na pale ambapo kinasaba changu na chako vinatofautiana kwa herufi moja, keratini yangu na yako zinaweza kutofautiana kwa asidi amino moja. Mwaka 2016 Glendon Parker na wenzake nchini Marekani walionyesha jambo hilo kwa nywele za watu 66 wenye asili ya Ulaya: katika hali bora kabisa, tofauti hizo ndogo zilitosha kumchambua mtu mmoja kati ya 12,500. Walizikuta pia kwenye nywele za watu waliozikwa zamani, wengine miaka ipatayo 260 iliyopita. Wahenga wetu walishasema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Walikuwa wakizungumzia akili na kuchukua nywele kwa mfano tu, kumbe mfano wenyewe ulikuwa na ukweli wake kamili, uliosubiri mashine ya kuupima.

Unataja pia chakula. Mtama, uwele na mahindi hujijengea kaboni yao kwa njia tofauti na mpunga, muhogo na maharage, na alama ya tofauti hiyo hupita kwenye ugali, ikaingia damuni, ikalala kwenye keratini. Kwa hiyo nywele za mtu wa Kishapu aliyelelewa kwa ugali wa mtama zinaweza kujulikana mbali sana na shamba, na sentimita ya leo inaweza kusema lugha tofauti na ya mwaka jana kama alihamia kwenye wali wa mjini. Nchi yetu ni kavu, mvua zake hazina ahadi, na njaa si neno la vitabuni. Mama wa huku hutambua utapiamlo wa mtoto kwa kumtazama kichwani: nywele zimekuwa nyekundunyekundu, nyepesi, zinang'oka kwa kuguswa. Madaktari waliohangaika na ugonjwa huo pale hospitali ya Mulago, Kampala, wakiwemo Hugh Trowell na wenzake walioandika kitabu chao mwaka 1954, walizitazama nywele hizohizo. Mtoto aliyelishwa vizuri, akakosa, kisha akapata tena, huota nywele zenye mistari, nyeusi, hafifu, nyeusi, na madaktari huuita mpangilio huo alama ya bendera. Mwili uliokosa protini unaandika ukosefu wake kwa protini ileile uliyoikosa. Mistari ile ukiifuata kwa kidole unapita juu ya miezi ya njaa ya nyumba fulani.

Ukiiacha Mhunze ukashika njia ya magharibi mpaka Geita, salfa ya kwenye nywele inakutana na jambo jingine. Ardhi yetu imezoea watu wanaoinamia udongo kutafuta kitu kidogo chenye bei kubwa. Mwadui, ndani ya wilaya hii ya Kishapu, John Williamson alifungua mgodi wa almasi mwaka 1940, na almasi ya waridi iliyotoka pale mwaka 1947 ikapelekwa zawadi kwa Elizabeth wa Uingereza. Geita ni dhahabu: maduara, yaani mashimo ya kuchimbia, makarasha yanayosaga mawe mchana kutwa, mialo ambako udongo uliosagwa huoshwa, na zebaki inayokamatana na chembe za dhahabu kwenye beseni, mikono mitupu. Kisha donge huchomwa, zebaki ikapaa, dhahabu ikabaki. Zebaki hiyo inayopaa haiishii hewani yote, nyingine huvutwa na walio karibu. Inapenda salfa kuliko karibu kila kitu kingine mwilini, na kwa kuwa nywele zimejaa salfa, zebaki iliyomo damuni hunaswa humo wakati unywele ungali unatengenezwa, ikakaa na kuhesabika.

Ndiyo maana watafiti wa afya hufika machimboni na mkasi na bahasha. Machimbo ya Rwamagasa, Geita, yalipoingia kwenye mradi wa zebaki wa Umoja wa Mataifa mwanzoni mwa miaka ya 2000, wachimbaji na majirani zao walitoa damu, mkojo na nywele, na watu wa Katoro wakatoa za kulinganishia. Kabla ya hapo Masazumi Harada, daktari aliyetumia maisha yake kwa wagonjwa wa sumu ya zebaki wa Minamata kule Japani, alikuja na wenzake Kanda ya Ziwa kupima nywele za wachimbaji, wavuvi na watu wa Mwanza, na matokeo yao yakatoka mwaka 1999. Walitarajia machimbo, walitarajia samaki. Lakini kwa baadhi ya waliokutwa na zebaki nyingi kupita kiasi, kidole kilielekea kwenye sabuni za kung'arisha ngozi. Nywele zilikataa kusema kile walichokuja kukisikia, na nazipenda kwa hilo. Ni shahidi mwenye mipaka yake pia, na lazima ijulikane: zebaki ya samaki huingia nywele kwa uaminifu mkubwa, ile ya moshi wa kuchomea dhahabu husomwa vizuri zaidi kwenye mkojo, na moshi wenyewe hugandia nywele kwa nje na kumchanganya anayesoma. Anayepima nywele peke yake machimboni na kutangaza kwamba amemaliza kazi, hajamaliza.

Kuna mahali ambapo shahidi huyu alisema kwa ukamilifu wa kuumiza. Nchini Iraki, majira ya baridi ya 1971 kuingia 1972, familia za vijijini zilioka mikate kwa ngano ya mbegu iliyopakwa dawa ya zebaki. Watu zaidi ya 6,000 walilazwa, na zaidi ya 400 walifia hospitalini. Baadaye watoto wakaanza kuzaliwa na bongo zilizodhurika, na wanasayansi wakazichukua nywele ndefu za mama zao, wakazipima kipande kwa kipande kutoka kichwani kwenda ncha. Sentimita tisa zilikuwa ujauzito mzima. Iliwezekana kuonyesha mama alikula mkate ule mwezi wa ngapi wa mimba. Nikifikiria wanawake wanaoosha udongo kwenye mialo yetu, watoto migongoni, wengine na mimba, naona nywele zao zilizofunikwa kwa kitenge zikirefuka taratibu juu ya vichwa vinavyoinama, na methali inayonijia haina uchangamfu tuliouzoea: ukiona mwenzako ananyolewa, zako tia maji.

Siwezi kuandika habari za nywele katika Shinyanga na Geita nikalipita jambo hili. Kuanzia katikati ya miaka ya 2000 watu wenye ualbino waliwindwa katika mikoa yetu, wakakatwa viungo, wakauawa, kwa sababu waganga wa ramli waliwaambia wachimbaji kwamba dhahabu huja kwa hirizi ya mwili wao, na wavuvi kwamba samaki huzifuata nyavu zilizofumwa kwa nywele zao. Nywele zilikuwa na bei. Mwaka 2009 Mahakama Kuu, ikiketi Kahama, iliwahukumu kunyongwa watu watatu kwa kumuua mvulana wa miaka 14 wa Bukombe. Shule ya Buhangija, mjini Shinyanga, ikageuka kimbilio la watoto waliotolewa kwao ili waishi, na Januari 2015 serikali ikatangaza vita na waganga wa ramli chonganishi. Nayaandika haya kwa uchungu wa mtu wa hukuhuku. Waliofanya hivyo hawakutoka sayari nyingine. Walitoka kwenye vijiji vinavyowafundisha watoto kuzifukia nywele zao. Woga wetu wa kuibiwa nywele, ambao niliuona kwa mzee yule kuwa heshima ya mtu kwa mwili wake, kwao uligeuka tamaa ya kuiba za mwingine.

Sasa uweke unywele wa mtoto wa Buhangija kwenye yurea. Mafundo yatafunguka yaleyale, keratini zitatoka zilezile, na protini ndogondogo zinazozishikilia zitakuwepo. Aina ya ualbino iliyoenea zaidi Afrika Mashariki hutokana na hitilafu kwenye kinasaba kiitwacho OCA2, ambacho kazi yake ni kutengeneza protini moja inayokaa kwenye utando wa vifuko vya rangi ndani ya seli na kuweka sawa uchachu wa humo. Isipofanya kazi yake, kimeng'enya cha rangi hakifanyi kazi yake vizuri, na unywele unaota bila weusi. Basi. Tofauti yote iliyogharimu roho za watu ni kasoro ya uchachu ndani ya kifuko kidogo kuliko jicho linavyoweza kuona. Hitilafu yenyewe, kwa sehemu kubwa, ni ya kale na imegawanywa kwa wengi: kukiwa na mtoto mmoja mwenye ualbino kwa kila watu 1,400 hivi, kama inavyokadiriwa Tanzania, hesabu ya urithi inasema kwamba karibu mtu mmoja kati ya kila 20 amekibeba kinasaba chenye hitilafu bila kujua. Kwenye kikao chochote cha duara lolote la Geita, pale wanapokaa kupanga bahati, huenda yumo anayekibeba.

Lakini kuna kazi nyingine ambayo uchambuzi huu unaweza kuifanya, na ndiyo inayonikosesha utulivu. Polisi wakikamata hirizi au tunguli na kukuta ndani yake nywele zilizokatwa, bila mzizi, zimekauka, zimefungwa pamoja na majivu na mafuta, vinasaba vya kiini havitakuwa na mengi ya kusema. Keratini itakuwa imesalia. Ikiwa nywele za marehemu waliozikwa karne mbili na nusu zilizopita bado zilikuwa na tofauti za protini zinazosaidia kumtambulisha mtu, hata zile zilizotekwa kwa ajili ya bahati zinaweza kumtaja aliyenyang'anywa, mbele ya hakimu, kwa kitu kilekile ambacho muuaji alikilipia. Sijui njia nyingine ambayo kwayo mtu aliyenyamazishwa angeweza kusema moja kwa moja hivyo.

Ili hilo liwezekane hapa, kuna pengo la kuzibwa. Nguvu ya ushahidi wa namna hii haitoki kwenye mashine peke yake, inatoka kwenye majedwali: tofauti fulani ya asidi amino ni adimu kiasi gani miongoni mwa watu wa mahali fulani. Kazi ile ya 2016 ilisimama juu ya watu 66 wenye asili ya Ulaya, na wenye asili ya Afrika walioongezwa walikuwa 10. Watafiti wenyewe walionyesha kwamba mfuatano wa kawaida kwa jamii moja huweza kuwa adimu sana kwa nyingine. Kumhukumu mtu wa Kahama kwa jedwali la watu wa ng'ambo ni dhuluma hata kama kila kipimo kimefanywa kwa usafi. Majedwali ya Usukuma, ya Geita, ya Mara, yatatokana na watu wa huku kukubali kutoa nywele zao. Nchi ina sheria ya mwaka 2009 inayosimamia matumizi ya vinasaba vya binadamu, na Mkemia Mkuu wa Serikali amepewa jukumu lake. Lakini hapa tunaongelea protini inayofichua kinasaba bila kinasaba kuguswa, nywele zinazopatikana kila siku kwenye sakafu za saluni bila mwenyewe kuombwa. Kama nywele zinaweza kumtaja mtu, zikataja alivyokula, sumu iliyompata na nasaba yake, basi kuziokota bila ruhusa ni kumpekua.

Naitaka kazi hii ifanyike, na naitaka ifanywe na vijana wetu, katika maabara zetu, kwa Kiswahili na kwa Kisukuma inapobidi. Mtu atakayeletwa Mhunze na bahasha zake atawakuta watu waliozoea kutii vipimo vya zahanati, na atawakuta pia watu wanaozihesabu nywele zao mpaka ya mwisho wanapoinuka kitini. Hao wa pili ndio angetangulia kuwaendea, akae nao, amwamkie kila mmoja kwa heshima yake, awe na subira. Wataanza kwa kumuuliza anazipeleka wapi, nani atazishika, na majibu yakipatikana yatarudi kwa njia gani. Ajiandae kujibu yote matatu kabla hajatoa mkasi mfukoni.